Usaili ni Alhamisi. Wakiuliza "uko tayari kwenda popote?" safari hii nijibu nini?

BintiKatubuka – Jumapili, saa 2:20 usiku

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada, na msinicheke sana.

Nipo Kigoma mjini, Katubuka. Alhamisi nina usaili wa nafasi ya mtunza stoo, shirika ambalo kazi zake nyingi ziko Kibondo. Vyeti ninavyo, na stoo nimeishika miaka mitatu, hivi sasa nipo kwenye duka la jumla la mawese na dagaa hapa Mwanga. Leja naijua, kuhesabu mali najua. Maswali ya kazi hayaninyimi usingizi. Yananinyima usingizi yale mengine: uko tayari kuhamia? Jumamosi je? Unapenda ofisini au fildi? Unapenda kufanya kazi mwenyewe au na wenzako?

Naogopa kwa sababu yalishanitoa. Mwaka jana niliitwa Tabora, ofisi siitaji. Nikapanda treni, tukashuka usiku, nikalala stesheni kwenye benchi na begi kichwani. Asubuhi nikanawa uso bombani, nikavaa gauni langu, nikaenda. Jopo watu watatu. Maswali ya stoo nikayapiga yote mpaka mmoja akawa ananiitikia kwa kichwa. Ndipo likaja hilo: je, uko tayari kufanya kazi popote utakapopangiwa? Nikajibu kama tulivyokaririshwa wote tangu chuoni. "Ndiyo, niko tayari kufanya kazi popote, muda wowote, katika mazingira yoyote." Sauti ya gwaride kabisa.

Kulikuwa na mama mmoja wa makamo, miwani imeshuka puani. Akaweka kalamu mezani. "Vizuri sana. Kesho saa kumi na mbili asubuhi gari letu linakwenda Kaliua, litarudi baada ya wiki mbili. Tukuwekee nafasi?"

Wakuu, nilifungua mdomo pakatoka hewa. Mtoto wa miaka minne nimemwacha kwa mama, na mama mwenyewe siku zile miguu imemvimba. Nguo nilizokuja nazo ni hiyo niliyovaa na kanga moja. Nikasema, "Naomba kwanza nimpigie mama."

Kijana wa pembeni akajikohoza ili asicheke. Yule mama hakucheka. Akachukua kalamu, akaandika kitu kifupi, kama neno moja hivi. Mpaka leo natamani kujua aliandika nini.

Sasa nikisema popote naumbuka, nikisema si popote nakosa. Nishaurini.

DagaaMkavu – saa 2:31 usiku

Aliandika "mama".

Nimekaa siti ya mbele, nina migebuka na ugali wa muhogo, endeleeni.

MzawaWaNzega – saa 2:44 usiku

Dada, sema ndiyo. Full stopu. Kazi zenyewe ziko wapi? Nyuma yako wamekaa watu arobaini kwenye viti vya plastiki na wote watasema ndiyo. Ukishapata barua mkononi ndiyo unaanza kupanga hayo ya mtoto na mama. Mimi nilisema popote, nikapelekwa kijijini Sikonge ambako mtandao unaupata ukisimama juu ya kichuguu. Nikakaa. Leo mwaka wa nne.

KibondoNyumbani – saa 3:05 usiku

Mzawa, wewe ulikwenda kwa sababu hukuwa na mtu wa kumuacha. Yeye ana mtoto. Si kitu kimoja hicho.

Dada, nimefanya kazi kwenye kambi za wakimbizi miaka kadhaa, Nduta na kabla ya hapo Nyarugusu upande wa Kasulu. Kwanza ujue unachoulizwa. "Fildi" kwa Kibondo haina maana ya kulala porini. Kwa sisi tulivyokuwa, wafanyakazi tulipanga mjini Kibondo, asubuhi tunaondoka na gari la ofisi, na alasiri dereva anaanza kupiga honi, maana hakuna anayetaka giza limkute kambini. Ukilikosa gari umelikosa. Kwa hiyo wakikuuliza kuhusu mazingira magumu usianze kuwaelezea simba na nyoka. Ugumu wa kule ni kuamka mapema kila siku, vumbi la kiangazi, na mzigo unaofika siku ambayo haikupangwa.

Pia wapigie watu walioko Kibondo KABLA ya Alhamisi. Chumba kinapangishwa shilingi ngapi, nauli ya kutoka Kigoma shilingi ngapi, shule ya awali ipo jirani au la. Mtu anayejua bei ya chumba Kibondo huongea tofauti na anayebahatisha, na jopo wanasikia tofauti hiyo.

BintiKatubuka – saa 3:12 usiku

Asante sana kaka. Hilo la bei ya chumba sikuliwaza kabisa.

MzeeWaStesheni – saa 4:02 usiku

Nimeusoma uzi huu mara mbili. Mimi ni mstaafu, niko Tabora hapa Isevya, nimefanya kazi ya utumishi maisha yangu yote na majopo niliyokaa siwezi kuyahesabu. Huenda hata nilikuwa namfahamu huyo mama wa miwani, ila sitasema.

Binti yangu, nikufungulie mlango uone ndani. Kila mjumbe ana karatasi yake. Kila swali lina mstari wake na nafasi ya alama. Tunajaza kila mtu kivyake, mwishoni tunajumlisha. Sasa wasailiwa ishirini wote wakisema "niko tayari popote", unadhani nitawapa nini? Wote nawapa alama ileile ya katikati. Hakuna aliyekosea, hakuna aliyezidi. Ndiyo maana wajumbe wengine hutupa ndoano ya pili kama ile ya gari la Kaliua. Hatukusudii kukutesa. Tunatafuta sababu ya kumpa mtu mmoja alama zaidi ya wenzake.

Na hofu yetu nikuambie. Kijana anapangiwa kituo, analipiwa usafiri, anaripoti vizuri. Mwezi wa pili mama mgonjwa. Mwezi wa tatu harusi ya dada. Mwezi wa nne simu haipatikani, na leja ameifungia kabatini, ufunguo anao. Tukarudie kutangaza, kuchuja, kuita watu. Kwa hiyo ukisema "popote", mimi nasikia mtu ambaye bado hajapiga hesabu. Anayeniambia "ndiyo, lakini si kesho, nitaripoti siku fulani" huyo keshapiga. Sisi tuliokuwa tukikaa pale tulikuwa tunaiita ndiyo yenye tarehe.

Yule mama alipokuuliza la Kaliua, jibu halikuwa ndiyo wala hapana. Lilikuwa: "Kesho siwezi kwa sababu nimekuja na begi la siku moja. Gari linalofuata litanikuta tayari." Hapo ungempa kitu cha kuandika.

Mzawa wa Nzega simpingi. Yeye alisema popote na akakaa Sikonge kweli. Lakini kwa kila mmoja aliyekaa, mimi ninao wengine niliowaandikia barua za utoro.

BintiKatubuka – saa 4:10 usiku

Shikamoo mzee. Nimesoma huku nimeshika shavu. Hiyo ya leja kabatini imenichoma, nimeshaona mtu wa hivyo.

DagaaMkavu – saa 4:15 usiku

Ndiyo yenye tarehe 😂 Mzee hii naenda kuitumia kwa mchumba wangu anayesubiri posa.

SabatoSafi – Jumatatu, saa 1:08 asubuhi

Naomba niingie na la kwangu maana linafanana. Mimi ni Msabato, niko Buhigwe. Kuanzia jua likizama Ijumaa mpaka likizama Jumamosi sifanyi kazi ya ajira. Usaili wangu wa kwanza waliniuliza Jumamosi, nikasema "hakuna shida", nikijipa moyo kwamba Mungu atafungua njia. Nikapata kazi. Jumamosi ya kwanza nikaumwa tumbo. Ya pili nikaumwa kichwa. Ya tatu bosi akaniambia, "Wewe ugonjwa wako una kalenda." Niliacha mwenyewe kwa aibu.

Usaili wa pili nikasema mapema: Jumamosi sipo, lakini Jumapili zote nipo, Krismasi na Idi nipo, na mwisho wa mwezi nitabaki mpaka hesabu zifungwe. Wakaninyima. Wa tatu nikasema vilevile, wakanichukua, kwa sababu walikuwa wanahangaika kupata mtu wa Jumapili. Sheria inataka mfanyakazi apate angalau saa 24 mfululizo za mapumziko kwa wiki. Saa hizo si lazima ziwe za Jumapili.

MzawaWaNzega – saa 1:30 asubuhi

Sasa unaona, wa pili walikunyima. Ungenyamaza ungepata. Mimi nasema usitaje kizuizi mpaka uulizwe.

SabatoSafi – saa 1:41 asubuhi

Nilinyamaza kwenye ya kwanza, nikaipata, ikanitoka ndani ya mwezi. Ipi bora?

MzeeWaStesheni – saa 2:15 asubuhi

Hapa Mzawa ana pointi kidogo, tusimwonee. Usiingie chumbani ukaanza na orodha ya usiyoyaweza kabla hata hawajakuuliza jina. Lakini swali likishatua mezani, jibu. Na kizuizi ukitaje pamoja na unachokitoa badala yake, kama ndugu yetu wa Buhigwe alivyofanya. "Jumamosi hapana" peke yake ni mlango umefungwa. "Jumamosi hapana, Jumapili na sikukuu nipo" hiyo ni biashara.

NesiWaZamu – saa 2:50 asubuhi

Natoka zamu ya usiku, naandika jicho moja limefumba, mnisamehe tahajia.

Watu wanajibu maswali ya muda wa kazi bila kujua sheria yenyewe inasemaje, halafu wanaahidi vitu ambavyo hata mwajiri haruhusiwi kuvidai. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, 9 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Ovataimu ni kwa makubaliano, haizidi saa 50 ndani ya wiki nne, na inalipwa mara moja na nusu ya kiwango cha saa. Usiku kisheria ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa ya usiku ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Kati ya kutoka kazini na kurudi, saa 12 za kupumzika.

Simaanishi uingie na vifungu vya sheria mkononi, watakuona mgomvi kabla hujaajiriwa. Namaanisha ukiulizwa "unaweza kufanya kazi zaidi ya muda?" usijibu "hata saa ishirini na nne". Sema, "Ndiyo, mzigo ukifika jioni nabaki mpaka uingie stoo. Utaratibu wenu wa ovataimu ukoje?" Hapo umekubali na umeuliza, na hakuna aliyekasirika.

Na wakikuuliza una mpango wa kuzaa tena, au una mume? Kuna wanaouliza hadi leo. Sheria inakataza ubaguzi kwa sababu ya ujauzito, hali ya ndoa, jinsia na mengine, na inamlinda hata anayeomba kazi. Mimi nilijibu, "Ratiba ya zamu mliyoisema naimudu." Nikanyamaza. Kimya kikawa kirefu kweli, mpaka wenyewe wakageuza ukurasa.

MamaMatobolwa – saa 3:20 asubuhi

Nesi kalale mwanangu. Ila hapo umesema.

BintiKatubuka – saa 7:05 mchana

Nimeandika jibu wakati wa chakula, naomba mlikague:

"Ndiyo, niko tayari kuhamia Kibondo. Nina mtoto wa miaka minne, na mama yangu anaumwa miguu, ila siku hizi ana nafuu, na dada yangu wa Uvinza amekubali kuja kukaa naye mpaka nipate chumba, halafu mtoto atanifuata shule zikifunguliwa, kwa hiyo naamini haitakuwa tatizo."

MzeeWaStesheni – saa 7:40 mchana

Umefanya kazi nzuri, lakini umeifanyia mahali pabaya. Hayo ni madaftari yako ya ndani, binti yangu. Mtoto, miguu ya mama, dada wa Uvinza, hizo zote ni hesabu. Zipige nyumbani. Jopo wape jumla.

Na uliposema "naamini haitakuwa tatizo" umewaletea neno tatizo ambalo halikuwepo chumbani.

Nijibu hili kwanza: hapo dukani unalipwa kwa mwezi au kwa wiki?

BintiKatubuka – saa 7:44 mchana

Kwa wiki mzee, kila Jumamosi.

MzeeWaStesheni – saa 8:10 mchana

Basi unaona sasa tarehe inavyopatikana. Anayelipwa kwa mwezi anatakiwa atoe notisi isiyopungua siku 28. Anayelipwa kwa siku au kwa wiki, siku 4. Wakikupa barua Ijumaa, ukampa tajiri wako notisi jioni hiyohiyo, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne zimeisha. Jumatano unasafiri. Si ya kubuni hiyo, inasimama yenyewe. Wakikuuliza kwa nini si Jumatatu unalo la kusema.

Halafu weka ushahidi. Umewahi kutumwa mbali ghafla?

BintiKatubuka – saa 8:31 mchana

Nimewahi. Tajiri alinituma Nguruka kupokea mchele, nilikwenda kwa siku mbili nikakaa tisa kwa sababu mzigo ulichelewa. Nilikuwa nalala kwa mwenye mashine.

MzeeWaStesheni – saa 8:36 mchana

Siku tisa! Na hukuliandika popote! Hilo ndilo jibu lako. Uwaambie ulikaa siku tisa, magunia yaliyofika yalikuwa mangapi, na yaliyoingia stoo Mwanga yalikuwa mangapi.

BintiKatubuka – saa 8:40 mchana

Yalifika 120, yakaingia 120. Moja lilipasuka njiani, nilishona mwenyewe kwenye lori 😅

DagaaMkavu – saa 8:42 mchana

Mimi ningekuwa jopo ningekupa kazi kwa hilo gunia tu.

KibondoNyumbani – saa 1:15 usiku

Kuna lile jingine hatujaligusa: mwenyewe au na wenzako. Watu wengi wanajibu "vyote viwili" kisha wanatabasamu. Hiyo ni popote nyingine, imevaa nguo tofauti.

Kwa mtunza stoo swali hilo lina jibu la kazi, wala si la tabia. Kuhesabu mali ya ndani unafanya peke yako, mlango umefungwa, simu umezima. Kupokea mzigo huwezi kufanya peke yako hata siku moja. Nimeshuhudia lori la sabuni limefika jioni, karatasi inasema katoni 600, dereva ana haraka, mtunza stoo yupo mwenyewe, akasaini kwa kuamini. Asubuhi 571. Zile 29 alizilipa kwa mshahara wake miezi mingapi sijui. Kwa hiyo sema: kuhesabu napenda mwenyewe, kupokea nataka tuwe wawili na wote tusaini. Jopo likiwa na mtu mmoja anayeijua stoo, atainua kichwa.

Kadhalika wakiuliza unapenda bosi wa namna gani. Usiseme "yeyote". Sema unapenda maagizo ya kutoa mali yaje kwa karatasi, na anayepiga simu kusema "mpe huyo kijana mabati kumi, karatasi nitaleta" atakuta unamwomba karatasi kwanza. Hapo ni pahali pekee kwenye usaili ambapo kutonyumbulika kunakupa alama.

MzawaWaNzega – saa 1:40 usiku

Hii ya karatasi nakubali. Ilishanikuta.

NesiWaZamu – saa 2:02 usiku

Fildi au ofisini: angalia tangazo la kazi. Kama limeandika nusu ya muda ni fildi, na wewe ukasema moyo wako uko ofisini, umejitoa mwenyewe. Mshahara wakiuliza, taja kiwango chenye sababu na uache hapo. Hilo lina uzi wake humu, tusichanganye.

Na Kiingereza. Watauliza kwa Kiingereza, hata kama wote mmezaliwa Kigoma. Jibu lako la Nguruka lifanyie mazoezi kwa sauti, si kwa kusoma kimoyomoyo. Mtafute mtu akuulize ghafla ukiwa unaosha vyombo.

BintiKatubuka – Jumatano, saa 3:30 usiku

Mdogo wangu amenisaili tangu jana. Kaniuliza nikiwa naanika dagaa, nikiwa bafuni, na saa kumi alfajiri alinigusa bega akasema "Kibondo, Jumamosi, lori limekwama". Nilimjibu kwa Kiingereza nikiwa usingizini. Mama anasema nimechanganyikiwa.

Chumba Kibondo nimeulizia, nimepata bei ya vyumba vitatu tofauti. Dada anakuja Ijumaa. Kesho saa tatu asubuhi. Niombeeni.

MamaMatobolwa – saa 3:41 usiku

Mungu akutangulie mwanangu. Kula kitu asubuhi, usiende na njaa.

BintiKatubuka – Alhamisi, saa 8:20 mchana

Wakuu nimetoka. Nimekaa hapa ufukweni natazama maji, miguu bado inatetemeka.

Walikuwa wanne. La stoo waliuliza mawili tu. Mengine yote yalikuwa haya haya tuliyoongea humu, nusura nicheke. Nguruka nimeisimulia, na lile gunia la kushona nimelitaja, mmoja akaniuliza nilishonea nini. Nikasema sindano ya magunia, huwa natembea nayo. Ilikuwa kwenye pochi, nikaitoa. Sijui kama nilipaswa kuitoa.

Kisha mwenyekiti akaniuliza kwa Kiswahili ghafla: "Tukikuambia gari la Kibondo ni Jumatatu?"

Nikasema Jumatatu hapana, Jumatano asubuhi ndiyo. Akauliza kwa nini. Nikasema kuna stoo ya mtu ninayoishikilia, natakiwa nitoe notisi ya siku nne na tuhesabu pamoja kabla sijarudisha ufunguo. Akaniangalia. Hakusema vizuri wala vibaya. Akaandika, na safari hii aliandika kirefu, kama mistari miwili.

Nilipoulizwa kama nina swali, nikauliza ratiba ya kwenda kambini hutolewa siku ngapi kabla. Wakatazamana. Nadhani hawana ratiba 😂

DagaaMkavu – saa 8:25 mchana

Kaenda na sindano kwenye usaili. Nchi hii ina watu.

KibondoNyumbani – saa 8:50 mchana

Hawana. Nilikuwepo, najua. Utaizoea.

MzeeWaStesheni – saa 10:05 jioni

Umefanya vizuri kurudi kutueleza, wengi huwa wanapotea. Sasa tulia. Usiwapigie simu kila siku. Mkataba ukija, usikimbilie kwenye mshahara peke yake. Sheria inataka maandishi yaonyeshe mahali pa kazi na mahali ulipoajiriwa. Hivyo ni vitu viwili. Mkataba ukikoma ukiwa mbali na ulipoajiriwa, mwajiri anawajibika kukurudisha wewe na mizigo yako, au kukulipia usafiri, pamoja na posho ya kujikimu kwa siku unazosubiri kusafirishwa. Kama wameandika uliajiriwa Kibondo na kazi ni Kibondo, siku ya mwisho utajibebea godoro mwenyewe mpaka stendi. Na kazi za kambini zinakwisha, binti yangu, zinategemea fedha za watu.

BintiKatubuka – wiki mbili baadaye, Ijumaa, saa 5:40 asubuhi

Wakuu, barua imetoka! Nimeisoma mara nne mbele ya mama. Kuripoti ni Jumatano, wameandika wenyewe Jumatano.

Mzee, shikamoo. Niliangalia ule mstari. Mahali pa kazi: Kibondo. Mahali ulipoajiriwa: Kibondo. Nimewarudishia, nimewaomba waandike Kigoma mjini. Yule dada wa utumishi amesema ni kosa la kunakili kutoka mkataba wa mtu mwingine, nikauchukue Jumatatu.

MzeeWaStesheni – saa 6:02 mchana

Marahaba. Jumatatu uende na kalamu yako.